Namba Tasa Ambayo Haikuwa Tasa

Tarehe 21 Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba imepatikana namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana. Chukua mbili 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: ndiyo hiyo. Ina tarakimu 41,024,320, na ukiiandika tarakimu 3,000 kwa kila ukurasa utahitaji kurasa zaidi ya 13,600. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kampuni ya NVIDIA, akishiriki katika mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 1996. Habari nyingi nilizozisoma zilishughulika na ukubwa wake, na nadhani zilitazama upande usio na maana sana.

Kilichonivutia mimi ni yale yaliyofanyika kabla ya tangazo. Kompyuta iliyokuwa Dublin, Ireland, ndiyo iliyotoa ishara ya kwanza kwamba namba hiyo huenda ni tasa. Siku iliyofuata kompyuta nyingine, iliyokuwa San Antonio, Texas, iliipima kwa kanuni tofauti, ile ya Lucas na Lehmer, nayo ikaafiki. Hata hapo hawakutangaza. Watu wengine waliirudia kazi yote kwa programu nyingine na kwa mashine za aina nyingine, hadi ikawa hakuna kosa la programu moja au la mashine moja ambalo lingeweza kuwadanganya wote kwa pamoja. Hakuna aliyeambiwa aamini kwa kuwa Durant ni mtaalamu, wala kwa kuwa mradi una jina. Namba yenyewe haina kazi yoyote ya kila siku, lakini ilikaguliwa kuliko hesabu za wizara nyingi ninazozifahamu.

Wasomaji waliozoea kunisoma nikiandika juu ya bajeti na katiba watauliza namba tasa zimeingiaje hapa. Zimeingia kwa sababu ziko namba tasa nyingine, ndogo sana zikilinganishwa na hiyo, ambazo zinalinda barua za serikali, miamala ya benki na mazungumzo yetu ya simu. Hizo ndizo zenye kazi. Na kwa hizo, swali la nani amepima ni swali la madaraka.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, na kuendelea bila kikomo, kama Euclid alivyothibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jina hili la Kiswahili nalipenda kwa sauti yake lakini maana yake hainikai vizuri. Tasa ni asiyezaa. Hali namba hizi ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 2024 ni 2 mara 2 mara 2 mara 11 mara 23. Ningekuwa katika kamati ya istilahi ningetetea jina lingine. Lakini limekwisha kukaa vitabuni, tuliache.

Sasa tazama jinsi namba tasa inavyofunga siri. Asha yuko Tanga na Juma yuko Kigoma, na kila wanalosema linasikiwa na mpelelezi. Wanakubaliana hadharani kutumia namba tasa 23 na namba 5. Asha anachagua siri yake moyoni, tuseme 7. Anazidisha 5 mara saba, anapata 78,125, anagawanya kwa 23 na kumtangazia Juma baki tu, ambalo ni 17. Juma naye anachagua 3. Tano tatu zikizidishwa ni 125, na baki lake ni 10. Asha anaichukua 10 aliyoisikia na kuizidisha mara saba: 10,000,000 kugawanya kwa 23 kunabakisha 14. Juma anaichukua 17 na kuizidisha mara tatu: 4,913 kugawanya kwa 23 kunabakisha 14. Wote wawili wana 14, ambayo haikutamkwa na yeyote. Mpelelezi aliyesikia 23, 5, 17 na 10 hana budi kutafuta 7 au 3 iliyofichwa. Kwa namba 23 ataipata kabla chai haijapoa. Namba tasa ikiwa na tarakimu mamia, na ikiwa imechaguliwa vizuri, dunia nzima ya kompyuta za leo haitamsaidia.

Njia hii ilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na uzuri wake ni kwamba namba kubwa haihitaji kufichwa. Iko wazi na kila mtu anaijua. Linalotakiwa ni sifa zake tu: iwe tasa kweli, na ukitoa 1 kisha ukagawanya kwa 2, kinachobaki kiwe tasa pia, au angalau kiwe na kigawo tasa kikubwa. Ile 23 yetu inafaa, kwa kuwa nusu ya 22 ni 11. Namba kama 11, ambazo ukizizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata tasa nyingine, zimepewa jina la Sophie Germain, mwanamke wa Ufaransa aliyelazimika kuandikiana na wanahisabati wakubwa wa zama zake kwa jina la kiume, Le Blanc, ili hoja zake zisomwe. Sifa hizi zikikosekana, mpelelezi huivunja saa kubwa kuwa saa ndogo ndogo, akaimaliza kila moja peke yake.

Hapo ndipo inapoingia namba iliyonifanya niandike.

Ipo programu iitwayo socat, chombo cha mafundi cha kuunganisha njia za mawasiliano kati ya kompyuta, kinachotumika kimya kimya katika seva nyingi. Ndani yake mlikuwa na namba ya biti 512, ndogo mno kwa viwango vya sasa. Mwaka 2015 ilibadilishwa; akatokea mchangiaji na namba mpya ya biti 1024, yaani tarakimu zipatazo 309, ikapokelewa na kuwekwa. Tarehe 1 Februari 2016 msimamizi wa programu hiyo alitoa tangazo ambalo ningependa lisomwe katika kila chuo cha utumishi wa umma. Alisema kwamba namba ile haikuwa tasa. Akaongeza kwamba, kwa kuwa hakuna maelezo ya jinsi ilivyochaguliwa, haiwezekani kuondoa uwezekano kwamba iliwekwa makusudi ili mwenye siri yake aweze kusoma yaliyofungwa nayo.

Mojawapo ya vigawo vyake ni 271. Mtoto wa darasa la saba anayejua kugawanya kwa njia ndefu angeweza, kwa karatasi na subira ya alasiri moja, kuonyesha kwamba namba hiyo yenye tarakimu 309 inagawanyika kwa 271 bila baki. Hakuna aliyejaribu kwa takriban mwaka mzima. Waliopokea mabadiliko walitazama kama programu inafanya kazi, na ilifanya kazi. Kufuli lenye namba mbovu hujifunga kwa mlio uleule wa kufuli zima. Ufa katika ukuta wa darasa utaonekana, na daraja lililojengwa kwa nondo pungufu siku moja litainama mbele ya kamera. Namba isiyo tasa haiinami. Barua zinakwenda, majibu yanarudi, na taa ya kijani inawaka.

Je, ilikuwa hila au uzembe? Kwa mlinzi wa siri za umma jibu halibadilishi wajibu wake. Lango lililoachwa wazi kwa usahaulifu linamruhusu mwizi sawasawa na lile lililoachwa wazi kwa rushwa.

Wapo watakaosema kwamba kupima namba kubwa hivyo ni kazi ya mabingwa. Hapana. Katika hisabati kuna tofauti kubwa, ambayo katika siasa tunaisahau, kati ya kutafuta na kupima. Mwaka 1644 padri Mfaransa Marin Mersenne aliiweka katika orodha ya namba zake tasa ile inayopatikana kwa kuzidisha mbili 67 na kutoa 1. Jina lake lilikuwa kubwa, orodha ikanukuliwa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba namba hiyo si tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati wa Marekani, na inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja wa ubao aliikokotoa 147,573,952,589,676,412,927, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, jibu likawa lilelile, akaenda kuketi. Kuvipata vigawo hivyo kulimgharimu Jumapili za miaka mitatu. Kuvihakiki kulichukua muda wa kuzidisha ubaoni tu.

Lucas aliwezaje kujua bila kigawo? Wazo la msingi ni la Pierre de Fermat, la mwaka 1640. Ukichukua namba tasa, tuseme 7, ukazidisha mbili sita, yaani pungufu kwa moja, unapata 64, na 64 ukiigawanya kwa 7 baki ni 1. Ndivyo ilivyo kwa kila namba tasa isipokuwa 2 yenyewe. Jaribu 9: mbili nane zikizidishwa ni 256, na baki la kugawanya kwa 9 ni 4. Basi 9 imekwisha kujifichua, hata kama hatujui kwamba ni 3 mara 3. Kipimo hiki kina udhaifu wake, kwa kuwa 341, ambayo ni 11 mara 31, hupita kwa ujanja ukitumia 2, na 561 hupita kwa kila namba isiyoshirikiana nayo kigawo. Ndiyo maana wakaja Gary Miller na Michael Rabin katika miaka ya 1970 na kipimo kikali zaidi: unachagua shahidi kwa bahati nasibu, na kila shahidi anaiacha namba isiyo tasa ipenye mara moja kati ya nne kwa uchache wa bahati. Ukiita mashahidi kumi, nafasi ya kudanganywa ni chini ya moja katika milioni. Mwaka 2002 Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili waliokuwa wametoka tu kumaliza shahada ya kwanza, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walitoa kule Kanpur, India, njia ya haraka isiyotegemea bahati hata kidogo. Nawataja kwa makusudi. Walikuwa katika chuo cha umma, katika nchi ambayo nayo ilikuwa ikiambiwa kwamba utafiti wa aina hiyo ni anasa.

Kuna jambo moja katika kipimo cha mashahidi ambalo wakaguzi wa serikali watalielewa kuliko wanafunzi wangu. Mashahidi lazima wachaguliwe bila kujulikana. Mwaka 2018 Martin Albrecht na wenzake walichunguza programu mashuhuri za kupima namba tasa, wakakuta kwamba baadhi hutumia mashahidi walewale kila siku au wachache mno; basi wakatengeneza namba zisizo tasa zilizosukwa mahususi kuwapita mashahidi hao. Ni kisa cha mkaguzi anayetangaza siku ya kuja na vitabu atakavyofungua. Atavikuta vimepakwa rangi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba namba ikiwa tasa mambo yamekwisha. Hayajaisha, na sehemu inayofuata ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapa hata kipimo kizuri hakitoshi.

Mwaka 2016 Joshua Fried, Pierrick Gaudry, Nadia Heninger na Emmanuel Thomé walitengeneza namba ya biti 1024 ambayo ni tasa kwa kila kipimo, na nusu ya kilichobaki baada ya kutoa 1 ina kigawo tasa kama inavyotakiwa. Ukiipewa, huoni kasoro. Lakini wao, walioisuka, walikuwa wamezika ndani yake umbo maalumu la kihisabati, na kwa kulijua umbo hilo waliweza kuvunja kufuli kwa kompyuta za vyuo kwa muda wa zaidi kidogo ya miezi miwili. Asiyelijua umbo hilo hana njia ya kuligundua. Hatari hii ilikuwa imeonywa na Daniel Gordon tangu 1992, na kwa miaka mingi wengi waliichukulia kuwa ya vitabuni. Mwaka mmoja kabla yake, 2015, kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba seva nyingi mno duniani zinategemea namba chache zilezile. Kwa kuvunja namba moja tu ya biti 1024, dola yenye fedha za kutosha ingeweza kusikiliza asilimia 66 ya seva za njia za faragha, zile ziitwazo VPN, walizozichunguza. Kazi kubwa hufanywa mara moja kwa namba. Baada ya hapo kila mazungumzo huvunjwa kwa bei rahisi. Kijiji kizima kimenunua kufuli za aina moja zenye ufunguo mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza, kama namba ni tasa, linajibiwa na kompyuta. Swali la pili, kwamba namba hii imetoka wapi na kwa nini ni hii na si nyingine, linajibiwa na aliyeichagua peke yake. Na dawa yake haina fumbo: aonyeshe hesabu. Katika viwango vya mawasiliano vilivyochapishwa mwaka 1998 kuna namba tasa ya biti 1024 ambayo tarakimu zake za katikati zimechukuliwa kutoka pai, ile namba ya mzingo na kipenyo cha duara. Biti 64 za mwanzo na 64 za mwisho zote ni moja. Katikati ni pai, ikaongezwa 129,093 ili matokeo yawe na sifa zinazotakiwa. Pai haikubuniwa na shirika lolote la ujasusi. Mwenye kutilia shaka anaweza kurudia kazi nzima nyumbani. Namba hiyo leo ni ndogo kwa usalama, lakini uaminifu wa chimbuko lake haujazeeka.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko mfukoni mwako. Ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa hesabu zinazofanyika juu ya namba tasa inayopatikana kwa kuzidisha mbili 255 na kutoa 19. Ina tarakimu 77. Daniel Bernstein aliyeipendekeza alieleza katika makala yake ya 2006 sababu za kuichagua: iko jirani kabisa na kipeo cha 2, jambo linaloifanya kompyuta ikokotoe haraka. Jina lake ndilo maelezo yake. Hakuna nafasi ya kuficha kitu kati ya 2, 255 na 19. Kutoka Lamu hadi Bukavu watu wanaambiana habari za misiba na za mikopo juu ya namba hiyo, na yeyote kati yao mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuipima.

Uwazi wa namna hii humlinda hata anayetuhumiwa. Mwaka 2022 nchini Kenya fomu za matokeo ya urais kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani mtandaoni. Baadaye makamishna wanne waliyakataa matokeo, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura zipatazo 142,000. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni kura 1,421 hivi, na ziada yenyewe ilitokana na kukadiria desimali. Kila mwenye kikokotoo aliliona hilo jioni ileile. Siamui hapa ugomvi wa uchaguzi ule, na zilikuwepo hoja nyingine. Nasema tu kwamba hoja hiyo moja ilipimika, ikapimwa, na wala mpimaji hakuhitaji kuwa wa chama chochote.

Nirudi kwenye kufuli. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mifumo ya kodi, ardhi, vitambulisho na mishahara imehamia kwenye kompyuta, na kila mmoja una namba zake kubwa ndani. Katika semina moja niliyoalikwa kuzungumza na maofisa wa taasisi ya umma ambayo sitaitaja, niliuliza: mfumo wenu unatumia namba zipi kufungia mawasiliano, na nani wa kwenu amezipima? Pakawa kimya. Kisha mkubwa wao akajibu kwa utulivu, “Mkandarasi ana cheti, mwalimu.” Sikumtuhumu mkandarasi na simtuhumu sasa, pengine namba zake ni safi kabisa. Ila cheti ni neno la Mersenne. Kinasema kwamba mtu mwenye jina ameona. Yule ofisa anaongoza watu waliosoma, wenye kompyuta mezani, na kipimo cha mashahidi kumi kwa namba ya tarakimu 617 humalizwa na kompyuta hizo kabla mtu hajamaliza kupiga miayo.

Mwenzangu wa idara nyingine alinipinga kwamba nchi zetu hazitengenezi kufuli hizi, kwa hiyo kuzihoji ni kujipa cheo. Hoja yake inanikera kwa sababu inafanana na busara. Sisi pia hatutengenezi dawa nyingi tunazotumia, lakini tunazo maabara za kuzipima bandarini na tunakataa shehena mbovu. Hatutengenezi mizani, lakini tuna watu wa vipimo wanaozipiga muhuri sokoni. Kununua hakujawahi kumwondolea mnunuzi haki ya kupima. Mwaka 2013 nyaraka za Edward Snowden ziliifanya dunia iamini kwamba kiwango kimoja rasmi cha Marekani cha kuzalisha namba za bahati nasibu kilikuwa na mlango wa nyuma, na mwaka uliofuata taasisi ya viwango ya nchi hiyo ilitangaza kukiondoa. Mashaka yaliyokifikisha hapo yaliandikwa na wanahisabati wawili mapema, mwaka 2007, kwa sababu walifanya hesabu ambayo wengine waliiona kuwa si kazi yao.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila zabuni ya mfumo wa umma iwe na kifungu kinachomtaka mzabuni ataje namba zinazotumika katika kufunga mawasiliano, aeleze zilivyochaguliwa kwa namna inayoweza kurudiwa, na akubali zipimwe na mtu asiyelipwa naye. Anayesema namba hizo ni siri ya biashara aambiwe kwamba namba ya wazi haiwi siri. Asha na Juma waliitangaza 23 mbele ya mpelelezi. Na mpimaji awe mwajiriwa wa umma. Kila mwaka tunahitimisha vijana wa hisabati kisha tunawaonyesha milango miwili, ualimu na benki, na wanaponiuliza darasani nadharia ya namba itawalisha vipi, nalazimika kuwapa mifano ya nchi za watu. Ofisi moja yenye vijana watano wa aina hiyo, iliyopewa mamlaka ya kuandika neno “hapana” juu ya mfumo na ikalindwa kisheria isihamishwe kwa kuandika hivyo, ingegharimu kidogo kuliko magari ya wakurugenzi wa wizara moja.

Muda wa kuianzisha ni sasa, kwa sababu kufuli zote zinabadilishwa. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta za kwanta, zikifikia ukubwa unaotakiwa, zitavunja kufuli za Asha na Juma hata namba tasa iwe na tarakimu nyingi kiasi gani. Agosti 2024 Marekani ilichapisha viwango vipya vya kuzikabili, na imejiwekea 2035 kuwa mwaka wa kulenga katika kuhama. Nchi zetu nazo zitanunua. Wauzaji watakuja na vyeti vizuri.

Kiwango kikuu kati ya hivyo, kile cha kubadilishana funguo, nacho kimejengwa juu ya namba tasa, lakini safari hii ni ndogo ya kushangaza: 3329. Sababu ya kuchaguliwa kwake iko wazi, kwamba ukitoa 1 unapata 3328, ambayo ni 13 mara 256, na hiyo 256 ndiyo inayoziwezesha hesabu za ndani kwenda haraka. Ama kuhusu kuwa kwake tasa, hakuna haja ya shahidi wala kompyuta. Kwa kuwa 58 mara 58 ni 3364, inatosha kuigawanya kwa namba tasa kuanzia 2 hadi 53. Ziko 16. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza watanikabidhi karatasi zao Jumatatu, na ofisa yeyote wa manunuzi anayetaka kujaribu anakaribishwa kuketi nao, kalamu tutampa.